Koitalel Runingani: Kifo Kilichochunguzwa Mara Tatu

Ukimtajia Sachangwan Mkenya asiyetoka pande za Molo, kinachomjia kwanza ni moto. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka katika sehemu hiyo ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, watu wakakimbilia kuchota petroli iliyomwagika, na moto ulipozuka ukaua zaidi ya watu 100. Tangu hapo runinga hulikumbuka eneo hili trela linapokosa breki kwenye mteremko wa kwenda Salgaa. Kamera hufika, hupiga picha za vyuma vilivyopondeka na jamaa wanaolia, kisha hurudi Nairobi. Ni haki habari hizo zitangazwe. Ila nyanda hizi zina habari nyingine, ya zamani kuliko lami, ambayo bado haijapewa nafasi inayostahili kwenye skrini. Reli ya Uganda ilipita huku huku ikitoka Nakuru, ikapanda kupitia Njoro na Molo hadi kilele cha Mau, ikateremkia Londiani na Fort Ternan, na mnamo Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo. Njia hiyo ya kwenda ziwani ndiyo iliyowagombanisha Wanandi na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1906, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliyekuwa mbele ya Wanandi ni Koitalel arap Samoei.

Ninachodai ni kwamba kisa cha Koitalel kinafaa kuwa tamthilia ya runinga ya vipindi vingi, na kwamba jinsi kitakavyosimuliwa ni jambo zito kuliko kusimuliwa kwenyewe. Filamu ya saa mbili itatupa shujaa, adui na risasi. Sanamu itatupa umbo la mtu amesimama na silaha yake. Tamthilia ndefu ina uwezo wa kubeba yale ambayo filamu na sanamu huyaacha: ugomvi wa ndani ya jamii yake, makabila na mataifa yaliyojikuta kwenye reli moja, na jambo moja zito kuliko yote, kwamba maelezo yaliyoandikwa kuhusu kifo chake yalitoka kwa mtu aliyemuua.

Tuanze na miaka ambayo waandishi wa miswada huwa na haraka ya kuiruka, yaani miaka ya kabla ya vita. Koitalel alizaliwa katika ukoo wa Talai, ukoo uliowapa Wanandi Orkoiyot, kiongozi wa mambo ya kiroho ambaye vijana hawakutoka kwenda vitani bila baraka zake. Hakuwa mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee katika mabaraza yao, na Orkoiyot alisikilizwa kwa sababu watu waliamini kuwa anaona mbali. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, anakumbukwa kwa utabiri wa kuja kwa watu weupe na nyoka wa chuma anayepumua moshi. Watoto wengi wa shule nchini Kenya wanaufahamu utabiri huo. Kinachotajwa kwa nadra ni namna Kimnyole alivyokufa. Mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimpiga kwa marungu hadi akakata roho, wakimtwika lawama za njaa, maradhi ya ng'ombe na uvamizi uliokwenda mrama. Baada yake wanawe wawili, Koitalel na Kipchomber arap Koilege, walikigombea cheo hicho, kila mmoja akiwa na kundi lake, hadi Kipchomber akashindwa na kukimbilia kwa Wakipsigis.

Mwandishi wa tamthilia akiukalia ukweli huo atapata kipindi cha kwanza bila kubuni mengi. Mtu anapokea cheo ambacho baba yake alikifia mikononi mwa watu wake. Kila anapowabariki vijana waende kuvamia kambi, anajua kwamba wasiporudi, rungu linaweza kumgeukia yeye. Kwa nyuma yuko ndugu aliyeshindwa, kwa mbele wako maofisa wenye bunduki za Maxim. Shujaa wa namna hii ana woga wenye sababu, na ushujaa wake unaonekana kwa sababu tunauona woga huo. Nasikitika kila ninapoona maandishi ya sikukuu yakimfanya Koitalel mtu aliyezaliwa tayari akiwa jasiri, kana kwamba maisha yake hayakuwa na uamuzi wowote mgumu.

Vita vyenyewe vilianza mwaka 1895, pale mfanyabiashara Mwingereza, Peter West, alipouawa akipita katika nchi ya Wanandi, na serikali ikatuma kikosi cha kuadhibu. Vikosi vingine vilifuata mwaka 1897, 1900, 1903 na 1905. Vinne vya kwanza vilichukua ng'ombe na kuchoma nyumba, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Wanandi walikata nyaya za telegrafu wakazifanya mapambo, wakang'oa vyuma vya reli na kuvipeleka kwa wahunzi. Hapa kamera inaweza kusogea karibu kabisa: skrubu nene iliyotoka kiwanda cha Uingereza, ikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, ikapigiliwa kwenye taruma la reli na kibarua aliyetoka Punjab, sasa iko ndani ya makaa ya mhunzi, inabadilika rangi, na jioni itakuwa kichwa cha mshale. Hakuna hotuba inayoweza kueleza uasi huu kuliko kazi hiyo ya mhunzi.

Lipo jambo jingine la miaka hiyo ambalo litawashangaza watazamaji wengi. Hadi Aprili 1902 Nakuru, Molo na nchi nzima ya Wanandi hazikuwa katika eneo lililokuja kuitwa Kenya. Zilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, na mpaka ulipita upande wa mashariki, karibu na Naivasha. Koitalel, anayehesabiwa leo kati ya mashujaa wa Kenya, alianza kupigana na maofisa wa Uganda. Jina Kenya lenyewe halikuwa la koloni hadi 1920. Nayataja haya kwa sababu yanaondoa dhana kwamba mipaka yetu ya sasa, ya nchi au ya kaunti, ndiyo aliyokuwa anaipigania.

Kisha inakuja tarehe 19 Oktoba 1905. Kapteni Richard Meinertzhagen wa jeshi la King's African Rifles alipanga mkutano wa amani na Koitalel katika kilima cha Ket Parak, karibu na mahali palipo mji wa Nandi Hills leo. Masharti yalikuwa kila upande uje na watu wachache. Meinertzhagen alikuwa na askari wapatao 80, wengi wao wakiwa wamefichwa. Walipokaribiana kupeana mikono, bunduki zikalia, na Koitalel akaanguka pamoja na watu zaidi ya 20 aliokuja nao. Meinertzhagen alieleza kwamba ni Koitalel aliyemvuta mkono kwa hila, na kwamba yeye alijihami tu. Masimulizi ya Wanandi yanasema Koitalel alikuja kwa nia njema akapigwa risasi mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa kapteni. Wenzake wa jeshini wenyewe hawakuridhika. Uchunguzi wa kijeshi ulifanywa mara tatu, na ingawa kila mara aliondolewa lawama, mwaka 1906 wakubwa wake walimwondoa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957 Meinertzhagen alichapisha shajara zake za Kenya, na kwa miongo mingi kitabu hicho kimekuwa ndicho chemchemi ya wanaoandika juu ya siku ile. Lakini alikuwa shahidi wa namna gani? Baada ya kifo chake mwaka 1967, wataalamu wa ndege waliukagua mkusanyiko wake mkubwa wa ndege waliokaushwa wakagundua kwamba vielelezo vingi aliviiba kutoka makumbusho, akavibandika vikaratasi vya uongo vya mahali na tarehe. Watafiti wengine walizichunguza shajara zake wakaona kurasa zilizopigwa taipu upya miaka mingi baada ya matukio, zikiwa na mambo yasiyoweza kuwa yalitokea. Kwa hiyo mwenye tamthilia hana budi kuchagua. Akiyafuata maelezo ya Meinertzhagen neno kwa neno, atakuwa anampa mtu huyo mimbari kwa mara nyingine. Akimpuuza kabisa, atapoteza maelezo ya mtu aliyekuwepo.

Njia ya kutoka katika tatizo hili iko ndani ya historia yenyewe. Ule uchunguzi wa mara tatu ni umbo la tamthilia lililokwisha kutengenezwa. Kipindi kimoja kituonyeshe Ket Parak kama alivyoieleza kapteni, na tuione kwa macho, na mkono ukivutwa. Kingine kituonyeshe asubuhi hiyo hiyo kama ofisa mwenzake alivyoitilia shaka. Cha tatu kiwe cha wale ambao hakuna meza ya uchunguzi iliyolipa neno lao uzito ule ule: mjane, mzee wa baraza, kijana aliyesalimika msituni. Mtazamaji atauona mkono ule ule ukinyooshwa mara tatu, na mara tatu maana yake itabadilika. Wakenya hawahitaji kufundishwa kutazama kesi. Vioja Mahakamani imekuwa ikiwaketisha mbele ya hakimu na mshtakiwa kwa miongo kadhaa, na ingawa kile ni kichekesho, kimewazoesha kusikiliza maelezo mawili yanayopingana na kujiamulia nani anasema kweli.

Afrika Kusini inatupa mfano wa karibu wa tofauti ambayo umbo linaweza kuleta. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la SABC lilitoa Shaka Zulu, tamthilia ya vipindi kumi ambamo Henry Cele alicheza kama Shaka, ikatazamwa katika nchi nyingi. Ilikuwa na waigizaji hodari na mandhari ya kuvutia. Hata hivyo msimulizi wake alikuwa Mzungu, Henry Francis Fynn, na Wazulu walizungumza Kiingereza, katika miaka ambayo serikali ya ubaguzi ilikuwa na kila sababu ya kufurahia kuonyesha Mwafrika mwenye mamlaka kama mtu wa damu na radi. Na Fynn naye ni shahidi wa mashaka: ipo barua ya mwaka 1832 ambamo mwenzake, Nathaniel Isaacs, alimshauri awachore wafalme wa Kizulu kuwa wakatili kadiri awezavyo ili kitabu kiuzike. Mwaka 2023 idhaa ya Mzansi Magic ikaja na Shaka iLembe, kwa Kizulu, ikianzia utoto na mama yake, na Mzungu hana tena kiti cha msimulizi. Sisemi kwamba ya pili haina chumvi. Nasema kwamba mtu yule yule wa historia amekuwa watu wawili tofauti kwa sababu waliobadilika ni wenye kusimulia.

Pingamizi kubwa dhidi ya tamthilia ya Koitalel halihusu ushahidi. Linahusu amani, na katika eneo la Molo halipaswi kujibiwa kwa wepesi. Huku watu waliuana na kuchomeana nyumba mwaka 1992, 1997 na tena 2007 na 2008. Wanaokaa kando ya barabara hii ni Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii na wengine, na msitu wa Mau una Waogiek ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa ushindi mwaka 2017 baada ya miaka ya kufukuzwa. Kuna wanaosema kwamba shujaa wa Kinandi akipanda runingani jioni baada ya jioni, akitetea ardhi kwa mshale, wako watakaosikia wito wa leo. Hofu hiyo ina msingi. Ila inatokana na tamthilia mbovu, ile inayogawa watu kuwa wetu na wageni. Ukweli wa 1905 hauruhusu mgawanyo huo. Waliomfuata Meinertzhagen na wakubwa wake walikuwa Waafrika kwa wingi: askari wa King's African Rifles kutoka sehemu mbalimbali, na mamia ya Wamasai waliokusanywa kusaidia kuteka ng'ombe. Wamasai hao hao, mwaka mmoja kabla, viongozi wao walikuwa wametia alama kwenye mkataba wa 1904 uliowahamisha kutoka Nakuru na Naivasha ili walowezi wapate nafasi. Reli nayo ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Kikosi cha 1905 kilipomaliza kazi yake mapema 1906, kwa hesabu za jeshi lenyewe Wanandi zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa, na ng'ombe kama 16,000 na mbuzi na kondoo kama 36,000 wamechukuliwa. Tamthilia inayomwonyesha morani wa Kimasai akiswaga ng'ombe wa Mnandi, huku malisho yake mwenyewe ya Nakuru yakipimwa na mpima ardhi wa serikali, haiwezi kumpa mtazamaji wa leo kabila la kuchukia. Itampa swali kuhusu mpima ardhi.

Wako pia wanahistoria wanaochelea ubunifu. Wanauliza maneno ya baraza la wazee yatatoka wapi, ikiwa hakuna aliyeyaandika. Jibu bora nalifahamu kutoka upande wa pili wa mpaka, Tanzania, na linahusu mwaka ule ule. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale huko Mohoro, mwanzoni mwa vita vya Maji Maji. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile, na kiongozi aliyemweka jukwaani ana mashaka na maji ya dawa aliyoyatoa mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua jinsi vizazi vitakavyofuata vitakavyolitumia neno hilo. Mazungumzo hayo ni ya Hussein, si ya kumbukumbu za Mohoro. Hata hivyo wasomaji wa Tanzania na Kenya waliosoma tamthilia hiyo shuleni hawakupotoshwa juu ya Maji Maji. Walipata kuelewa kwa nini watu wenye akili zao waliiamini dawa. Ubunifu wa aina hiyo unakubalika kwa sababu unajaza mahali ambapo historia iko kimya. Usiokubalika ni ule unaozua matukio mahali ambapo kuna ushahidi, au unaoamua kwa niaba ya familia mambo ambayo bado yanawauma. Wapo Wanandi wanaoamini kwamba kichwa cha Koitalel kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wamekuwa wakikidai. Fimbo zake zilirudishwa mwaka 2006 kutoka kwa familia ya Meinertzhagen. Mwandishi anaweza kuonyesha madai hayo yakitolewa. Hana ruhusa ya kupiga picha ya kichwa kikiwa sandukuni kana kwamba amekiona.

Kuhusu gharama sitakaa sana. Ni kweli mapigano ya mamia ya watu, farasi na gari la moshi ni ghali kuliko sebule yenye makochi mawili ambayo tamthilia zetu nyingi zimeizoea. Lakini uzito wa kisa hiki uko barazani, kwa mhunzi na kwenye chumba cha uchunguzi, na mahali hapo panatengenezeka. Garimoshi za zamani zipo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Lugha nayo haipaswi kuwa kikwazo. Country Queen ya mwaka 2022 ilichanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za nyumbani, na watu wakaifuata. Wazee wa Talai wazungumze Kinandi, vibarua wa reli Kipunjabi, maofisa Kiingereza, na Kiswahili kiwe pale kilipokuwa kweli, midomoni mwa askari, wapagazi na wakalimani. Mkalimani, kwa hakika, ndiye mhusika ambaye ningempa nafasi kubwa. Amesimama kati ya mikono miwili inayonyooshwa, na ni yeye tu anayeelewa pande zote mbili zimesema nini.

Iko hatari moja ambayo wapenzi wa Koitalel wenyewe ndio wanaoileta, nayo ni kutaka tamthilia iishe kwa kifo chake, muziki ukipanda na bendera ikipepea. Sikukuu ya Mashujaa tunaiadhimisha tarehe 20 Oktoba, siku moja baada ya tarehe aliyouawa, na ukaribu huo unashawishi. Lakini kuishia hapo ni kuwapa Waingereza neno la mwisho. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikuja kuwa Orkoiyot mwaka 1919, wakati ambapo sehemu nyingine ya hifadhi waliyotengewa Wanandi ilikuwa inakatwa wapewe askari Wazungu waliotoka vita vya kwanza vya dunia, na kodi ya nyumba ikipanda. Oktoba 1923 serikali ilipiga marufuku sherehe kubwa ya kukabidhiana madaraka kati ya rika na rika, kwa kuamini kwamba itazaa uasi, na Barsirian akakamatwa. Hakuachiliwa hadi 1964. Jomo Kenyatta alikaa gerezani na kizuizini karibu miaka tisa. Barsirian alikaa miaka 41, na uhuru wa Desemba 1963 ulimkuta bado amefungiwa. Mwaka 1934, wakati yeye yuko kizuizini, Watalai wa Kericho walitungiwa sheria yao maalumu ya kuhamishwa wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa, wafie mbali na watu wanaowasikiliza, na ardhi ya Kericho ikaendelea kupandwa chai.

Kwa hiyo msimu wa pili upo, na ni mrefu kuliko wa kwanza. Hauna mapigano, una amri za wilaya, barua zisizojibiwa na mzee anayezeeka mbali na ng'ombe wake. Waandishi watakaoufikia watalazimika kuwasikiliza watu walio hai, kwa sababu mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu madai ya ardhi ya Wakipsigis na Watalai wa Kericho, na mwaka 2022 wadai wenyewe wakayapeleka katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.